Maswali ya Wasomaji: Twataka kusaidia utafiti wa mbuga na bahari, tuanzie wapi?

Toleo lililopita tuliuliza nani kati yenu amewahi kujitolea ama kuchangia utafiti wa wanyama na bahari kwenye mbuga zetu, na barua zimekuja nyingi, kutoka Likoni mpaka Mtwapa. Siwezi kuzijibu zote kwa ukurasa mmoja. Nimechukua hizi sita, na ile ya nahodha wa Bamburi nimeijibu kwa urefu manake swali lake ndo kiini cha mambo yote.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa Kisauni, nimemaliza diploma ya mazingira na bado sijapata kazi. Nimeona kwenye simu shirika la ng'ambo lachukua watu wa kujitolea kuhesabu pomboo lakini wataka mtu alipe, tena kwa dola, na hizo hela babangu hajawahi kuzishika kwa mpigo. Kweli mtu alipe ndo afanye kazi ya bure? Si wizi huu?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza chuo. Si wizi, ingawa naelewa kwa nini yakuuma. Utafiti wa porini na baharini mara nyingi hauna mtu wa kuulipia kila mwezi, na boti yataka petroli, wapiga mbizi wataka mitungi ya hewa, wasaidizi wataka mshahara, kwa hivo kuna mashirika yaliyobuni njia hii, mgeni analipa, pesa zake zinaendesha kazi na mikono yake inasaidia kupima. Earthwatch ya Marekani wameifanya tangu 1971. Wala si mbali na kwetu, nenda Gazi hapo Kwale uulize, wageni wa Earthwatch walikuwa wakija wanaingia kwenye tope la mikoko pamoja na watu wa kijiji na wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, na wa chuo cha Edinburgh Napier, wanapima unene wa miti, wanapanda miche, wanarudi tena msimu mwingine. Kazi kama hiyo ya kupima, iliyofanywa miaka mingi, ndo iliyowezesha watu kujua mikoko ile inashika kaboni kiasi gani, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko, na hela zake zimeleta maji na kusaidia shule kule Gazi na Makongeni. Kwa hivo mgeni anayelipa usimdharau.

Lakini wewe si mgeni, na mimi naona ni makosa kijana wa pwani kuingia kwa mlango uleule wa mtalii. Tuliona 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, miradi iliyotegemea wageni peke yake ilibaki bila mikono na bila hela kwa wakati mmoja. Mbuga yataka watu ambao wapo hapa mwezi wa tano mvua ikinyesha na mwezi wa nane kusi likivuma. Andika barua ya kuomba atachimenti ama kujitolea kwa KWS, wale wa serikali wanaosimamia mbuga na wanyamapori, kwa KMFRI hapo Mkomani, kwa WRTI ambayo ni taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori makao yake Naivasha, kwa CORDIO hapa Mombasa wanaoshughulika na matumbawe, kwa A Rocha, shirika la uhifadhi kule Watamu. Na usiandike tu kwamba wapenda mazingira, kila mtu aandika hivo. Andika unachokijua kufanya. Waogelea vizuri? Sema, manake wengi wenye digrii hawajui kuogelea. Wajua majina ya samaki kwa Kiswahili, tafi na pono na changu na tewa? Hiyo ni elimu, mtafiti kutoka bara ataitafuta kwako. Wajua kujaza data kwenye kompyuta bila kuruka mstari? Hapo ndo utachukuliwa haraka kuliko wote, manake makaratasi ya mbugani hurundikana na mtu wa kuyaingiza hakuna.

Kitu kimoja cha kuuliza kabla ya kukubali, kwa shirika lolote: hizi data nitakazochukua zaenda wapi, na kibali cha utafiti mnacho? Utafiti Kenya wahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na wa wanyamapori una taratibu zake zaidi. Wakibabaika kujibu, tafuta pengine.

*Mhariri, mimi ni nahodha wa boti ya vioo Bamburi, nabeba wageni kwenda marine. Miaka yote nimeona watafiti wanakuja na tepu zao, wanazama, wanahesabu matumbawe na samaki, wanaondoka, mwaka ujao warudi wahesabu palepale. Hela za wafadhili zote zaishia kwenye kuhesabu. Sisi na wavuvi twapata nini? Hizo hela si bora wangenunulia watu injini na nyavu?*

Ndugu nahodha, asante kwa kuuliza wazi, wavuvi wengi huyasema haya kwa kunong'ona.

Nianze na kwa nini warudi palepale. Mtoto mchanga akipelekwa kliniki anawekwa kwenye mizani kila mwezi, na uzito wa siku moja hauelezi kitu, ni ule mstari kwenye kadi unaomwambia nesi kama mtoto anakua ama anadhoofika. Mwamba pia ni hivo. Mtafiti akihesabu mara moja ana picha, akihesabu miaka thelathini ana habari. Na hapa kwetu tuna bahati ambayo sehemu nyingi duniani hawana, manake Tim McClanahan wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS na wenzake Wakenya wamekuwa wakipima miamba hii tangu miaka ya 80, sehemu zilezile, kwa njia ileile.

Sasa walichokipata ni kitu unachokijua kwa macho yako lakini hukukifungia hesabu. Wale wadudu wa miiba mirefu wanaodunga miguu ya watu kwenye mawe, wakizidi wanakwangua mwamba mpaka unabomoka. Anayewala sana ni samaki aitwaye kikande. Pale ambapo kikande amevuliwa kwa madema na nyavu mpaka akaadimika, hao wa miiba walijaa, na pale palipohifadhiwa wakawa wachache na matumbawe yakapumua. Sasa wewe hujui hilo, mimi silijui, mpaka mtu azame na kuhesabu vikande, ahesabu wenye miiba, apime matumbawe, ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi, mwaka baada ya mwaka. Na wameonyesha pia kwamba ukiacha kuvua leo kikande harudi kesho, yachukua miaka mingi mno hiyo kazi yake kurudi kamili. Bila hizo hesabu mtu angesema baada ya miaka mitano, hifadhi haifai kitu, fungueni watu wavue.

Alafu yakaja ya 1998. Wewe kama ulikuwa baharini wakati huo utakumbuka maji yalivyokuwa moto na matumbawe yakageuka meupe pwani nzima, El Niño ile, na sehemu nyingine zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa. Kwa sababu watu walikuwa wamepima kabla, walijua kilichopotea ni kiasi gani, na walijua aina gani ya matumbawe ilistahimili na ipi iliondoka. CORDIO yenyewe ilizaliwa mwaka 1999 kutokana na balaa hilo. Na 2024 joto limerudi, matumbawe yakapauka tena huku kwetu na kwengine duniani, na safari hii tunacho cha kulinganisha. Mtu hawezi kurudi nyuma akapima mwaka uliopita. Mwaka ukikosa hela ya petroli, mwaka ule umepotea milele kwenye ile kadi, hata aje mfadhili na mamilioni baadaye.

Kuhusu faida kwa wavuvi nitakwambia ukweli wote hata ule unaouma. Mombasa Marine, hiyo hifadhi ya bahari unayopeleka wageni, ilitangazwa 1986, lakini uvuvi ndani yake ulizuiliwa sawasawa miaka ya mwanzo ya 90, na watafiti walikuwa wakipima samaki wanaoteremshwa hapo karibu. Walikuta kwamba mvuvi mmoja mmoja aliyevua karibu na mpaka wa hifadhi alipata zaidi kwa siku kuliko zamani. Lakini samaki wote wakijumlishwa walipungua, manake eneo la kuvua lilikuwa limekatwa na baadhi ya wavuvi waliondoka. Haya yote mawili yaliandikwa na kuchapishwa. Mimi nawaheshimu kwa hilo, manake mtu anayeficha namba mbaya hata ile nzuri siwezi kumwamini. Baadaye kazi yao hiyohiyo ya kukaa bandari za samaki na mizani ilionyesha kwamba mahali ambapo juya, ule wavu wa kukokota, liliondolewa na hifadhi iko karibu, mfuko wa mvuvi ulikuwa bora. Hiyo ndo silaha ya BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia bichi, ikienda kuzungumza na serikali, si maneno, ni daftari.

Kwa hivo injini sawa, watu wanunuliwe, sipingi, lakini isiwe kwa hela ya kuhesabu. Ni vifuko viwili tofauti.

Unapokosea kidogo ndugu yangu ni pale unaposema watafiti na sisi, kama watu wa pande mbili. Hapo ndo pa kubadilisha. Nyinyi manahodha mko juu ya mwamba karibu kila siku, mtafiti yuko siku chache. Matumbawe yakianza kupauka mtayaona nyinyi kabla yake. Nyangumi wa nundu wapita pwani yetu kati ya mwezi wa saba na wa tisa, nani huwaona kwanza kama si nahodha na mvuvi? Na pomboo wa Kisite Shimoni wametambuliwa mmoja mmoja kwa alama za pezi la mgongoni, kazi hiyo yahitaji picha tu, picha nyingi zenye tarehe na mahali. Nendeni kama chama cha waendesha boti kwa ofisi ya hifadhi ya bahari ya KWS hapa Mombasa, mseme twataka daftari la kuandika tunachokiona, na twataka kila mwaka mtafiti aliyepima hapa aje atukalishe bichi atuelezee alichokipata kwa Kiswahili. Hilo la pili ni haki yenu, msiliombe kwa aibu. Mtafiti anayebebwa na boti yenu kisha matokeo myasikie kutoka ng'ambo, huyo amewakosea adabu.

*Dada mhariri, hamjambo. Sisi ni chama cha kina mama ishirini hivi, Likoni. Baada ya semina ya kasa na mikoko tumekubaliana kila mwezi tutoe kitu kidogo tusaidie utafiti wa mbuga, lakini tumegawanyika. Wengine wataka tununue miche, wengine wataka tumpe KWS, wengine waogopa hela zitaliwa. Tushauri.*

Hatujambo, mama zangu, na Mungu awabariki, manake wengi hudhani mfadhili ni mzungu tu.

Shilingi zenu zitafanya kazi kubwa zaidi zikienda kila mwezi mahali pamoja kuliko zikienda mara moja kwa kishindo. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na kuna mashirika ya uhifadhi nchini yaliyokuwa yakiitegemea, yakabaki na kazi nusu. Kidogo kinachokuja bila kukatika, kutoka kwa watu wa hapahapa, hakuna rais wa nchi nyingine anayeweza kukifuta.

Alafu kuweni tayari kulipia vitu visivyopendeza. Kila mtu ataka kununua kamera ya kutegea chui, ina picha nzuri, yawekwa kwenye tangazo. Nani alipa betri zake miezi sita baadaye? Memori kadi? Petroli ya pikipiki ya kwenda kuzikusanya? Posho ya mtu anayekaa miezi akiangalia picha za nyasi zinazopeperuka mpaka ampate mnyama mmoja? Hapo ndo miradi mingi hufia, kamera ipo kwenye mti imejaa mchwa. Mimi kama ningekuwa mwenzenu kwenye chama ningesema tulipie posho ya msaidizi mmoja wa utafiti mtoto wa kijiji, ama nauli na chakula cha timu ya kupima siku za maji mafu, na tusione haya kwamba hakuna kitu cha kupigia picha.

Miche nayo, kuweni waangalifu. Kupanda mikoko ni rahisi, kumea ndo kazi, ikipandwa mahali ambapo haikuwepo, ama aina isiyo yake kwenye maji marefu, hufa yote. Kama mwataka miche basi changieni pamoja na hela ya kuhesabu ngapi zimebaki hai baada ya mwaka na miaka mitatu, na muulizeni KMFRI mahali kabla ya kushika jembe.

Kuhusu kuliwa. Ulizeni cheti cha usajili, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika Mei 2024 na mamlaka yake ndo inayosajili yale yaliyokuwa yakiitwa NGO, kwa hivo mwaweza kuthibitisha. Hela ziende kwa Paybill ama akaunti ya shirika, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu, hata awe mtu wa dini, hata awe jirani. Risiti kila mara. Na muandikiane barua ya ukurasa mmoja: hela hizi ni za kitu fulani, na kila miezi sita mtatuambia mmepima nini. Msidai ripoti nene kila wiki, manake utakuta msaidizi yule mnayemlipa anashinda ofisini akiandika ripoti zenu badala ya kuwa baharini. Na wakiwaletea habari mbaya, kwamba viota vya kasa vimepungua mwaka huu, msikasirike mkakata mchango. Mmelipia kujua, na hilo ndo mmelipata.

*Shangazi, binti yangu yuko Grade 7 apenda wanyama kupita kiasi lakini ana pumu, bahari na msitu siwezi kumpeleka sana. Kuna chochote aweza kufanya?*

Kipo, mamangu, tena cha maana. Serengeti kule Tanzania watafiti waliweka kamera 225 kwenye mbuga, zikapiga picha kwa mamilioni, hakuna chuo chenye watu wa kuziangalia zote. Wakaziweka kwenye tovuti ya Zooniverse, watu wa kawaida duniani wakaanza kuzitambua, huyu nyumbu, huyu fisi, hapa hakuna kitu, na kila picha inaonyeshwa watu kadhaa, jibu la wengi ndo lachukuliwa. Wataalamu walipokuja kukagua walikuta zaidi ya asilimia 95 ya wanyama wametajwa sawa. Kwenye Zooniverse kuna miradi mingine mingi ya namna hiyo. Mfungulie akaunti wewe mwenyewe, mkae pamoja, na mwambie asikisie kwa haraka.

Akipata nafuu siku za jua zuri kuna Kenya Bird Map, iliyoanza 2013, nchi imegawanywa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9 na mtu aandika ndege wote aliowaona kwenye mraba wake. Aweza kuanzia dirishani. Kunguru naye aandikwe, asimruke kwa sababu ni kunguru. Na shuleni muulizie Wildlife Clubs of Kenya, hiyo ilianzishwa na wanafunzi tangu 1968.

*Bro, nina droni nzuri sana nafanyia harusi. Nataka niende Tsavo nihesabu ndovu bure niwape KWS data. Nitaanzaje?*

Kaka, moyo wako ni mzuri lakini usiirushe. Droni Kenya ina sheria zake za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, na ndani ya mbuga hurushi bila ruhusa ya KWS hata kama kila karatasi nyingine unayo. Ndovu huogopa mlio wake, na ndovu akikimbia na mtoto si jambo dogo. Tena hesabu ya ndovu haifanywi na mtu mmoja, ile sensa ya wanyamapori ya kitaifa ya 2021 iliyopata ndovu 36,280 nchi nzima ilitumia ndege, magari na watu wengi, kila mmoja na mstari wake, ndo ndovu mmoja asihesabiwe mara mbili. Waandikie KWS na WRTI uwaambie ujuzi wako na mashine uliyo nayo. Na kuna miradi ya mikoko inayotafuta picha za kutoka juu, kwa kibali, pengine hapo ndo utafaa upesi zaidi.

*Asalaam aleikum. Mimi mvuvi wa Mtwapa. Juzi nyavu yangu ilishika kasa, kwenye mkono wake wa mbele ana kibati cha chuma chenye namba. Nilimuachilia lakini sikujua kile kibati ni cha nini, wenzangu waniambia ningekitoa nikiuze.*

Waaleikum salaam ami yangu, na umefanya vizuri sana kumuachilia. Kibati hakina bei yoyote, na kumkamata ama kumuuza kasa ni kosa kubwa kwa sheria ya 2013. Kile ni kitambulisho chake. Watafiti humvisha wanapompima, kisha akionekana tena pengine, ile namba yawaambia ametoka wapi, amekua kiasi gani, amekaa miaka mingapi. Kikitolewa historia yake yote yakatika.

Siku nyingine ukimpata, mfunike kwa gunia lililorowa asikauke, usimpindue kifudifudi na kichalichali mara kwa mara, andika namba zote za kibati pande zote mbili ama piga picha, andika tarehe na mahali, alafu pigia KWS ama BMU yako. Ukanda wa Watamu, Local Ocean Conservation wana mpango wa miaka mingi, mvuvi akipiga simu wanakuja, wanampima kasa, wanamvisha kibati, wanamrudisha baharini, na mvuvi hupewa kitu kidogo kwa muda wake. Na huyu wa juzi bado hujachelewa. Kama wakumbuka hata namba tatu za mwanzo na siku yenyewe, nenda kaziandikishe.